Mashati Hamsini

Kwenye daftari la Lushinge, swali la sita:
Ndege huruka kilomita mia nane na hamsini
kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam
kwa saa moja na dakika ishirini na tano.
Tafuta mwendokasi.
Mtoto akatafuna kalamu, akageuza dakika, akagawa,
akapata mia sita kwa saa,
akanitazama kama aliyevua sangara kwa mkono mtupu.

Nikamwambia lete atlasi.
Nikalaza futi yangu ya kushonea
kutoka ncha ya ziwa hadi pale bluu nyingine inapoanza:
sentimita nane na nusu.
Kola ya mtoto wa chekechea ina zaidi.

Kisha nikafanya hesabu yangu, nyuma ya karatasi ya paterni,
maana mwalimu hakuuliza nauli.
Nauli, kwenda tu, laki tatu na nusu.
Shati la shule, ufundi, elfu saba.
Gawa.
Mashati hamsini.
Kwa siku natoa mawili, umeme ukiwa na adabu:
siku ishirini na tano, Jumapili sijazitaja.
Shati moja vifungo saba,
vifungo mia tatu na hamsini vya kupita kwenye meno haya.

Chukua sasa zile kilomita, uzigawe kwa siku zangu:
thelathini na nne.
Nikacheka peke yangu, cherehani imesimama.
Thelathini na nne kwa siku ni mwendo wa miguu!
Ndio mwendo wa Masunga, babu yake bibi yangu,
aliyekwenda pwani na mzigo usio wake kichwani
akarudi na kaniki moja na kikohozi.
Basi ndege yangu haina injini.
Ina nyayo.

Dada Holo kwenye simu anasema panda basi,
utafika kesho, kwani unakimbizwa?
Sikimbizwi. Ila miaka kumi na mmoja hapa Pasiansi
zinapita juu ya bati langu asubuhi, mchana, jioni,
pini zinacheza kwenye kopo,
mteja ninayempima kiuno anabana pumzi,
nami nangoja zipite ndipo niandike namba.
Nataka, mara moja tu,
niwe mimi ninayetikisa bati la mtu.

Nikashona.
La kumi na tatu nilikosea mkono, nikafumua.
La ishirini na nane lilikuwa la mtoto wa marehemu Sayi,
sikupokea hela;
hapo ndege ikasimama hewani nusu siku.

Leo nimekaa dirishani, mkanda umenibana,
inchi thelathini na nane, najipima hata huku.
Ziwa likainuka upande mmoja kama kitambaa kinachokung'utwa,
majabali yakawa kokoto,
na mabati, yote yale yale. Nilidhani langu ningelijua.
Nikaanza kuhesabu, kila shati
dakika moja na sekunde arobaini na mbili:
hili la mtoto mnene wa Kitangiri,
hili lililorudishwa mara mbili,
hili nililolishona usiku, tochi ya simu begani.
Binti wa ndege akaleta juisi, nikapotea kidogo.
Nilikuwa la arobaini na nne, kola bado,
magurudumu yakagonga chini.

Nikawasha simu. Lushinge hakusalimia.
"Mama, kwa saa yangu ni dakika themanini tu.
Swali la sita lina makosa, kesho namwambia mwalimu.
Na bati umelitikisa! Kopo lilianguka.
Pini nimeziokota zote, isipokuwa moja.
Ukirudi, usivue viatu."